Mechi Sita Mbele: Matumaini ya Shabiki wa Montreal Katika Mgomo wa 1994

Ijumaa ya tarehe 12 Agosti 1994, msimamo wa ligi kuu ya besiboli inayochezwa Marekani na Kanada ulikuwa na jina geni kileleni. Montreal Expos walikuwa wamecheza mechi 114, wameshinda 74 na kufungwa 40. Kati ya klabu 28 hakuna iliyokuwa na rekodi nzuri kuliko hiyo. Siku hiyo hakuna mpira uliorushwa. Wachezaji wa ligi nzima walikuwa wameanza mgomo, na msimamo ule haujabadilika hadi leo kwa sababu msimu haukuendelea tena.

Shabiki wa Montreal hakukosea hesabu. Alijua timu yake, alimjua mpinzani wake, na alijua mechi ngapi zimebaki. Kilichomponyoka ni kwamba mwaka ule kulikuwa na ratiba mbili, moja ya mechi na nyingine ya malipo, na iliyokuwa ikiamua mambo ni hiyo ya pili. Pia hakujua, na pengine asingeamini kama angeambiwa, kwamba mgogoro ule ulikuwa ukipiganwa kwa jina la klabu ndogo kama yake.

Kwa aliyezoea ligi za soka, kuna mambo machache ya kuweka sawa. Besiboli ya Marekani haina sare na haina kushuka daraja. Kila timu hupangiwa mechi 162, karibu kila siku, wakati ule kati ya Aprili na mwanzoni mwa Oktoba. Ligi imegawanyika katika makundi; vinara wa makundi huingia kwenye mtoano, na mwisho wa mtoano ni World Series. Mwaka 1994 ulikuwa wa kwanza wa makundi sita, na pamoja na vinara wake wangeingia washindi wa pili bora wawili, jumla timu nane. Montreal walikuwa kundi la Mashariki, pamoja na Atlanta Braves.

Hesabu ya matumaini

Atlanta walikuwa na ushindi 68 na vipigo 46, yaani mechi sita nyuma. Zilibaki mechi 48 kwa kila timu. Tuseme Montreal wangechechemea na kugawana ushindi na vipigo nusu kwa nusu, 24 kwa 24; wangemaliza na ushindi 98. Ili kuwapita, Atlanta wangehitaji kushinda 31 kati ya 48. Na kama Montreal wangeendelea kwa mwendo uleule, wangemaliza na ushindi 105.

Mashabiki wa besiboli wana hesabu nyingine wanayoipenda mwishoni mwa msimu. Chukua 163, toa ushindi wa kinara, kisha toa vipigo vya anayemfuata. Kwa Montreal: 163 toa 74 toa 46, inabaki 43. Maana yake, kila Montreal wakishinda au Atlanta wakifungwa, namba inapungua kwa moja. Ikifika sifuri, kundi limechukuliwa. Namba 43 katikati ya Agosti si ndogo. Shabiki mwenye kumbukumbu alijua kwamba mwaka mmoja tu kabla, Atlanta haohao walikuwa mechi 10 nyuma ya San Francisco mwezi Julai, wakaja kuwapiku siku ya mwisho, ushindi 104 kwa 103. Kwa hiyo matumaini ya Montreal yalikuwa na msingi mzuri, ila kusema kombe lilikuwa mkononi, kama wengi wanavyosimulia sasa, ni kuongeza chumvi.

Msingi wenyewe ulikuwa wachezaji. Moisés Alou alikuwa akipiga kwa wastani wa .339, yaani alifanikiwa karibu mara 34 katika kila majaribio 100, na mwezi Julai ndiye aliyepiga mpira ulioamua mechi ya nyota wote kule Pittsburgh katika zamu ya 10, moja zaidi ya zamu tisa za kawaida. Kocha wake klabuni alikuwa baba yake mzazi, Felipe Alou. Larry Walker, mtoto wa Kanada, alicheza uwanja wa nje upande wa kulia, na Marquis Grissom alisimama katikati. Ken Hill alikuwa ameshinda mechi 16 kama mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira. Pedro Martínez, kijana wa miaka 22 kutoka Jamhuri ya Dominika ambaye Los Angeles Dodgers walimwachia kwa sababu walimwona mdogo wa mwili, alikuwa ameshinda 11. Mechi ikifika zamu ya tisa na Montreal wakiongoza, aliingia John Wetteland kuifunga.

Kikosi hicho chote kiligharimu karibu dola milioni 19 kwa mwaka, miongoni mwa bajeti ndogo kabisa katika ligi. Mwaka 1993 walikuwa wameshinda mechi 94 na kushika nafasi ya pili, mechi tatu nyuma ya Philadelphia. Wengi walikuwa vijana waliolelewa ndani ya klabu yenyewe. Ndiyo maana shabiki aliona njia: mwaka huu ubingwa wa kundi, na kwa umri wa kikosi, miaka mingine mitatu minne ya raha.

Palikuwa pia na kumbukumbu ya zamani iliyomdanganya. Klabu ilianzishwa 1969, na ilikuwa imewahi kuingia kwenye mtoano mara moja tu, mwaka 1981. Na mwaka huo nao ulikuwa wa mgomo. Wachezaji waligoma tarehe 12 Juni, wakarudi Agosti, na ligi ikaamua kuugawa msimu vipande viwili: kinara wa kila kipande aingie mtoanoni. Montreal walichukua kipande cha pili kwa ushindi 30 na vipigo 23, nusu mechi mbele ya St. Louis. Cincinnati, waliokuwa na rekodi bora kuliko timu zote mwaka ule, ushindi 66 na vipigo 42, walibaki nyumbani kwa sababu hawakuongoza kipande chochote. Kwa hiyo mwaka 1994 shabiki wa Montreal alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mgomo ni jambo la wiki saba, halafu watu hurudi kazini na hesabu zikapangwa upya. Mgomo wa 1985 ulikwisha kwa siku mbili. Wamiliki walipowafungia wachezaji milango mwaka 1990, siku 32 zilitosha. Mifano yote aliyokuwa nayo ilimwambia asubiri.

Kwa nini Agosti

Mkataba wa pamoja kati ya wamiliki na chama cha wachezaji uliisha tarehe 31 Desemba 1993. Msimu ulianza Aprili bila mkataba mpya. Hapo ndipo palipokuwa na ufa, na kila siku ya ushindi iliufunika.

Sheria ya kazi ya Marekani inasema hivi, kwa ufupi: mkataba ukiisha, masharti ya zamani yanaendelea huku pande mbili zikijadiliana. Mazungumzo yakifika mkwamo wa kweli, mwajiri anaweza kutekeleza pendekezo lake la mwisho hata kama wafanyakazi hawalitaki. Chama cha wachezaji kilijua kwamba wakimaliza msimu na World Series ikachezwa, wamiliki wangekuwa wameshaweka fedha benki, wangetangaza mkwamo majira ya baridi, na kuweka masharti yao wakati ambapo wachezaji hawana cha kugomea. Nani atagoma Desemba, wakati hakuna mechi?

Sasa tazama fedha. Mchezaji hulipwa mara mbili kwa mwezi, msimu ukiwa unaendelea tu. Msimu wa 1994 ulipangwa kwenda kuanzia tarehe 3 Aprili hadi 2 Oktoba, siku 183. Kufikia tarehe 11 Agosti zilikuwa zimepita siku 131. Mchezaji alikuwa ameshapokea zaidi ya asilimia 70 ya mshahara wake wa mwaka. Mmiliki alikuwa amekusanya viingilio vya miezi minne, lakini mechi za mtoano, zenye bei kubwa ya matangazo ya televisheni, zilikuwa bado. Tarehe ya mgomo iliwekwa mahali ambapo mchezaji anapoteza kidogo na mmiliki anapoteza kingi. Tena wachezaji walikuwa na akiba iliyotokana na ada za kutumia majina na picha zao, hasa zile kadi za besiboli ambazo watoto wa Marekani walikuwa wakizinunua kwa pakiti.

Donald Fehr, kiongozi wa chama, hakuificha tarehe. Bodi ya chama iliitangaza tarehe 28 Julai, wiki mbili kabla. Tarehe 1 Agosti wamiliki wakazuia dola milioni 7.8 walizotakiwa kuweka kwenye mfuko wa pensheni na mafao ya wachezaji. Aliyekuwa na matumaini kwamba pande mbili zingeelewana dakika za mwisho angepaswa kuyapunguza siku hiyo. Mtu anayetaka kuelewana hashiki pensheni ya mwenzake siku 11 kabla ya mgomo.

Wamiliki walitaka nini

Tarehe 14 Juni wamiliki, kupitia mjumbe wao Richard Ravitch, walileta pendekezo. Kiini chake kilikuwa ukomo wa mishahara. Mapato ya ligi yangegawanywa nusu kwa nusu kati ya wachezaji na klabu, na kila klabu ingelazimika kuweka jumla ya mishahara yake ndani ya mipaka: isipungue asilimia 84 ya wastani wa klabu zote, isizidi asilimia 110. Usuluhishi wa mishahara, ambapo mchezaji mwenye miaka mitatu hivi kazini anaweza kupeleka dai lake kwa msuluhishi huru, ungefutwa.

Wachezaji walikataa, na sababu yao haikuwa tamaa peke yake kama magazeti mengi yalivyoandika. Kati ya 1985 na 1987 wamiliki walikuwa wamekubaliana chini kwa chini kutonunua wachezaji huru, yaani waliomaliza mikataba yao, wa klabu nyingine. Wasuluhishi wakabaini njama hiyo, na mwaka 1990 wamiliki walikubali kulipa fidia ya dola milioni 280. Miaka minne baadaye watu walewale wakaja na vitabu vya hesabu wakisema klabu zinakufa, tuaminini. Nani angewaamini?

Lakini dai la wamiliki nalo lilikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli huo ulikuwa na sura ya Montreal. Televisheni ya CBS ilikuwa imelipa zaidi ya dola bilioni 1 kwa misimu ya 1990 hadi 1993, ikapata hasara, na mkataba huo haukuendelea. Mpango mpya wa 1994 na mashirika ya ABC na NBC haukuwa na malipo ya uhakika. Klabu zingegawana mapato ya matangazo tu. Klabu za miji mikubwa zilikuwa na televisheni zao za mjini kuziba pengo. Klabu za miji midogo hazikuwa nazo. Montreal walikuwa na tatizo juu ya tatizo: waliuza tiketi kwa dola ya Kanada, iliyokuwa na thamani ya kama senti 73 za Marekani, huku mishahara ikilipwa kwa dola ya Marekani. Kila dola 100 za mshahara zilitaka dola 137 za mlangoni. Wamiliki wenyewe walikuwa kundi la wawekezaji walioinunua klabu mwaka 1991 wakiongozwa na Claude Brochu, na wengi wao hawakuwa tayari kutoa fedha zaidi mfukoni.

Januari 1994, kule Fort Lauderdale, wamiliki walikuwa wamekubaliana kwamba klabu tajiri zitagawia maskini mapato, kwa sharti moja: wachezaji wakubali ukomo wa mishahara kwanza. Hiyo ndiyo kamba iliyomfunga Brochu. Msaada wake ulikuwa umewekwa nyuma ya mlango ambao funguo zake alikuwa nazo Fehr.

Sasa rudi kwenye ile asilimia 84. Wastani wa mishahara ya klabu ulikuwa kama dola milioni 30. Sakafu ya asilimia 84 ni takriban milioni 25. Montreal, waliokuwa wakilipa milioni 19 na kuongoza ligi, wangetakiwa kwa kanuni hiyo kuongeza mishahara, ingawa kwa awamu. Klabu ambayo ilikuwa imeonyesha kwamba unaweza kumshinda kila mtu kwa bajeti ndogo ilitumiwa kama ushahidi kwamba bajeti ndogo haiwezi kushinda. Wakati ule ni wachache waliolisema hilo kwa sauti.

Azimio la tarehe 14 Septemba

Agosti nzima ilipita bila mazungumzo ya maana. Septemba ikaingia. Katika kila mgogoro wa aina hii kuna siku ambayo ratiba haiwezi tena kuokolewa: wachezaji wanahitaji siku kadhaa za kurudisha mwili kwenye hali ya mchezo, mechi za kutosha lazima zichezwe ili msimamo uwe na maana, na mtoano hauwezi kusogea hadi Novemba kwenye miji yenye baridi kali. Bud Selig, aliyekuwa mmiliki wa Milwaukee Brewers na wakati huohuo kaimu kamishna wa ligi, alitaja tarehe 9 Septemba kama mwisho. Ikapita. Tarehe 14, akiwa Milwaukee, alitangaza kwamba msimu umefutwa, pamoja na World Series. Tangu 1904 haikuwahi kukosa kuchezwa, hata katika vita viwili vya dunia.

Hati iliyofuta msimu ilitiwa saini na klabu 26 kati ya 28. Zilizokataa zilikuwa Baltimore na Cincinnati. Kwa hiyo klabu iliyokuwa na rekodi bora katika besiboli yote iliweka saini kwenye karatasi iliyofuta rekodi hiyo. Kwa mmiliki aliyeona wokovu wake uko kwenye ukomo wa mishahara, ilikuwa na mantiki: poteza Oktoba moja, upate miaka 10 ya kupumua. Kwa shabiki ilikuwa kama kumwona mzazi akiuza ng'ombe wa maziwa siku moja kabla hajazaa.

Hasara ya moja kwa moja inaweza kukadiriwa. Montreal walikuwa wamecheza mechi 52 nyumbani, mbele ya watu 1,276,250, yaani wastani wa zaidi ya 24,500. Zilibaki mechi 29 za nyumbani. Kwa wastani uleule ni tiketi kama 700,000. Hapo bado hujaongeza joto la Septemba, wakati timu inapigania kundi na watu huanza kugombea viti, wala mechi hata moja ya mtoano. Kwa klabu inayohesabu senti, fedha hizo ndizo zingelipia nyongeza ya mishahara ya vijana wake mwaka uliofuata.

Baridi ya mahakama

Yaliyofuata tunaweza kuyapitia haraka. Mwishoni mwa Desemba wamiliki walitangaza mkwamo na kuweka ukomo wa mishahara kwa nguvu, kisha wakauondoa Februari baada ya Bodi ya Taifa ya Mahusiano Kazini, chombo cha serikali ya Marekani, kuwatishia kesi. Rais Bill Clinton alijaribu kupatanisha, akaziita pande zote Ikulu mwezi huohuo, zikatoka kama zilivyoingia. Wamiliki wakaanza maandalizi ya msimu wa 1995 kwa wachezaji wa kujazia: waliostaafu, wa ligi za chini, wengine waliokuwa wakifanya kazi za kawaida. Baltimore walikataa kuunda timu ya namna hiyo.

Kosa la wamiliki kisheria lilikuwa dogo kwa maandishi lakini kubwa kwa matokeo. Walibadilisha kanuni za wachezaji huru na za usuluhishi wa mishahara wakati mazungumzo hayajafika mkwamo wa kweli. Bodi ikaomba zuio, na tarehe 31 Machi 1995 jaji wa mahakama ya shirikisho New York, Sonia Sotomayor, alilitoa: masharti ya zamani yarudi. Mgomo ukaisha tarehe 2 Aprili. Miezi karibu minane ya mapambano iliwarudisha watu kwenye mkataba uleule ulioisha 1993. Ukomo wa mishahara haukupatikana, wala mgawo wa mapato uliofungwa nao.

Siku nne za Aprili

Hapa ndipo matumaini ya shabiki yalipokufa hasa. Kufutwa kwa msimu kuliumiza, lakini kikosi kilikuwapo. Kama kingerudi kizima 1995, Montreal wangeanza tena kama vinara.

Msimu mpya ulipangwa kuanza tarehe 25 Aprili, mechi 144. Usajili uliokuwa umeganda ulifunguliwa kwa mkupuo, na klabu zote zilikuwa na wiki tatu tu za kujipanga. Montreal hawakuwa na fedha za tiketi za Septemba wala mgawo kutoka kwa matajiri. Hill, Wetteland na Grissom walikuwa wamefikia hatua ya usuluhishi, ule ambao wamiliki walishindwa kuufuta, na mishahara yao ilikuwa lazima ipande. Mkataba wa Walker ulikuwa umekwisha. Amri ikatoka juu kwenda kwa meneja mkuu, Kevin Malone: punguza mishahara, sasa.

Muuzaji anayejulikana kwamba lazima auze kabla jua halijazama hapati bei. Tarehe 5 Aprili Ken Hill alipelekwa St. Louis. Siku hiyohiyo Wetteland alipelekwa New York Yankees kwa kijana mmoja wa ligi za chini na fedha taslimu. Tarehe 6 Grissom akaenda Atlanta, kwa wapinzani walewale waliokuwa mechi sita nyuma. Tarehe 8 Walker, akiwa mchezaji huru, akasaini Colorado Rockies. Siku nne, nguzo nne. Majira ya kawaida ya usajili yangempa Malone miezi mitano ya kupigisha mnada klabu moja na nyingine. Mgomo ulimla muda huo, na sidhani kama meneja mwingine yeyote angepata bei nzuri zaidi.

Montreal walimaliza 1995 wakiwa mkiani mwa kundi, ushindi 66 na vipigo 78. Tarehe 28 Oktoba mwaka huo Atlanta walikuwa wakiongoza 1–0 dhidi ya Cleveland katika mechi ya sita ya World Series. Zamu ya tisa, ametoka mpigaji wa kwanza, ametoka wa pili. Mpira wa mwisho ulipigwa juu kuelekea kushoto katikati, na mlinzi aliyekimbia akaunyakua, akawapa Atlanta ubingwa, alikuwa Marquis Grissom. Mwaka uliofuata Wetteland alichaguliwa mchezaji bora wa World Series akiwa na Yankees. Mwaka 1997 Walker alikuwa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa, moja ya nusu mbili za ligi kuu, akiwa Colorado, Moisés Alou akabeba kombe akiwa na Florida, na Pedro Martínez akapata tuzo ya mrushaji bora akiwa bado Montreal, kisha Novemba akauzwa Boston. Shabiki wa Montreal aliendelea kuwa na mchezaji wa kumshangilia kila Oktoba, ila kwenye jezi ya watu.

Mahudhurio yanasimulia sehemu iliyobaki. Mwaka 1995 waliingia watu 1,309,618, lakini kwa mechi 72 za nyumbani, wastani wa kama 18,200. Kufikia 2001 jumla ya mwaka mzima ilikuwa karibu 640,000, nusu ya waliokuja katika zile mechi 52 za 1994. Wako wanaosema Montreal haikuwa na watu wa besiboli. Uwanja wao wa Olimpiki ulikuwa na kasoro kweli: mwaka 1991 boriti ya zege ya tani 55 ilianguka na kuwalazimisha kumalizia msimu ugenini. Lakini mji usiopenda mchezo hautoi watu 24,500 kwa siku. Mtu aliyeuziwa matumaini, akanyang'anywa Agosti, kisha akauziwa wachezaji wake Aprili, ana haki ya kubaki na nauli yake mfukoni.

Kusoma ratiba ya pili

Shabiki wa timu yoyote leo anaweza kutumia kisa hiki kama kipimo. Swali la kwanza ni kama msimu umeanza mkataba ukiwa hai. Ukianza bila mkataba, hatari iko Agosti, si Aprili, na kadiri timu yako inavyofanya vizuri ndivyo unavyokuwa na kingi cha kupoteza.

Wamiliki walilielewa hilo kuliko mtu mwingine. Mkataba ulipoisha Desemba 2021 hawakusubiri. Waliwafungia wachezaji milango tarehe 2 Desemba, wakati hakuna mechi na hakuna mshahara unaolipwa, ili wasije wakagomewa katikati ya msimu. Kufungiwa huko kulidumu siku 99, hadi tarehe 10 Machi 2022. Wamiliki walikaa siku 43 kabla hata ya kuleta pendekezo la kwanza. Shabiki aliyeona ukimya huo wa Desemba na Januari akadhani msimu umekufa alikuwa anasoma vibaya: hakuna upande uliokuwa ukipoteza fedha bado. Mambo yalianza kwenda mbio mwishoni mwa Februari, mishahara ya Aprili na viingilio vya Aprili vilipokaribia, na mwishowe mechi zote 162 zilichezwa. Mkataba uliotokana na hapo umewekewa mwisho tarehe 1 Desemba 2026, na neno ukomo wa mishahara limerudi midomoni mwa wamiliki. Shabiki wa timu changa, nzuri, ya bei ndogo aiangalie tarehe hiyo kwa makini kuliko msimamo wa ligi, na atazame mikataba ya nani inaisha majira hayohayo, maana usajili ukiganda kisha ukafunguliwa ghafla, klabu yake ndiyo itakayouza kwa haraka.

Montreal Expos walicheza mechi yao ya mwisho nyumbani tarehe 29 Septemba 2004, dhidi ya Florida, mbele ya watu 31,395. Walifungwa 9–1. Msimu uliofuata klabu ilihamia Washington na kupewa jina jipya. Kabla ya mechi hiyo kuanza, ilitundikwa bendera uwanjani yenye maandishi ya Kifaransa na Kiingereza: timu bora katika besiboli, 1994.